Leso Niliyoifunga Kwenye Mtungi wa Oksijeni

Hii nawaambia mwenyewe kwa sababu Okello dreva ameanza kuisimulia kila mahali, na nikimwachia yeye mtasikia ati nilipaa angani na mtungi nikatua Isebania. Sikupaa. Nilirukia bwawa la samaki, nikapoteza gambuti moja, na jioni nikaingia Rusinga nimejifunga leso ya maua mbele ya wakwe zangu wote. Basi, hiyo ndiyo aibu yangu, nimeitaja mapema ili mtakaocheka mcheke sasa mkiwa bado mmekaa.

Kwa wale hawanijui, mimi ni Mwita, mtu wa Kehancha, na kazi yangu iko hapa nje kidogo ya mji wa Migori, kwenye shamba ambalo tunazalisha vifaranga wa samaki aina ya ngege na kuwauzia watu wenye vizimba vya samaki ziwani. Kifaranga wa samaki hasafiri hivi hivi. Unamtia na wenzake kwenye mfuko mkubwa wa nailoni wenye maji chini, unajaza oksijeni juu mpaka mfuko usimame wenyewe, unakaza na mpira, na hapo anaweza kutoka Migori mpaka ziwani akiwa bado anacheza. Oksijeni inatoka kwenye mitungi ya chuma, ile mirefu inayonifika kifuani, na mwenye kuisimamia ni mimi. Nilipelekwa semina ya siku mbili Kisumu nikarudi na cheti, na tangu hapo (wenzangu wa kazini wanisamehe) hakuna mtu aliyepumua. Okello akishusha mtungi niko nyuma yake: usiuviringishe, usiulaze juani, usiushike na mikono yenye mafuta, kofia yake ya chuma iko wapi! Stoo niliandika ukutani kwa rangi nyekundu, MTUNGI USIMAME, UFUNGWE MNYORORO, WAKATI WOTE. Hayo maneno mawili ya mwisho niliyapigia mstari mara mbili.

Sasa, mke wangu Awuor ni wa Rusinga, na ana mama. Kwetu Kuria mtu hafundishwi kumzoea mama mkwe, na kwa Wajaluo nilikuta ni vile vile: hukai naye benchi moja, humpi mkono ukautikisa kama wa rafiki, mkikutana njiani wewe ndiye unayepisha. Mimi hiyo heshima niliishika kwa mikono yote miwili. Mtoto wetu Neema alipozaliwa, mama mkwe alikuja kumsaidia Awuor, na mimi nikahama nyumba yangu nikalala kwa jirani siku zote nane, habari za mtoto nikawa napewa dirishani. Miaka mitatu ya ndoa, mama huyo alikuwa hajaniambia neno hata moja uso kwa uso. Akitaka kitu anamwambia Awuor, "mwambie Baba Neema." Nami nikajisifu moyoni kwamba hapo nimeweza, nahesabiwa mkwe wa maana.

Mama mkwe ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama huko kisiwani, wote wanamwita Mama Chair. Mwaka uliotangulia walijaribu kufuga samaki, maji ya ziwa yakaharibika siku moja, wakaamka wakakuta kizimba kizima kinaelea matumbo juu. Akina mama wakavunjika moyo. Ni yeye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wajaribu tena, akawaambia safari hii vifaranga watatoka kwa mkwe wake, yeye ndiye mtu wa oksijeni. Awuor aliponiletea hayo maneno nilitembea wiki nzima kifua mbele.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Wao ni Wasabato, kwa hiyo samaki walitakiwa wawe kizimbani kabla jua halijazama, baada ya hapo hakuna wa kugusa kazi. Asubuhi nikaingia stoo kujitayarisha, na hapo ndipo akili ikanicheza. Stoo yetu ni ndogo, mtungi uko kwenye kona na mnyororo wake, na siku ya kujaza mifuko watu husimama bega kwa bega mpaka mnapumuliana shingoni. Nikaona picha: mimi hapa, mama mkwe hapa, ubavuni. Haiwezekani! Mama yangu mzazi angesikia kule Kehancha angejifunika uso. Nikafikiri kidogo tu (ningefikiri kidogo zaidi tusingekuwa na hadithi), nikaamua mtungi nitautoa nje kwenye uwanja, ili kila mtu apate nafasi ya kusimama mbali na mwenzake.

Nikafungua mnyororo. Hayo mengine yote yalifuata nyuma ya huo mnyororo.

Pale nje sakafu ya simiti ina mteremko, tuliijenga hivyo makusudi ili maji yakimbilie bwawani. Mtungi ukasimama lakini ukawa unatingishika, nikauwekea kijiwe chini, mimi mwenye cheti, kijiwe. Nikafunga juu yake ile saa ya kupimia gesi tunayoiita regyuleta. Nikarudi nyuma nikaangalia, nikaona hata hapo tutatazamana tu. Basi nikachukua leso ya Awuor, ile ya maua mekundu niliyokuwa nimefungia chakula changu, pembe moja nikaifunga kwenye shingo ya mtungi na pembe nyingine kwenye nguzo ya wavu wa bwawa. Pazia safi. Mimi na mtungi upande huu, mama mkwe na wenzake upande ule, mifuko inapitishwa chini.

Walifika watatu, mama mkwe na akina mama wawili wa kikundi. Bosi wetu, Madam Beldine, akawawekea chai kwenye jiko la makaa pale uwanjani kama anavyofanya kwa wageni wote, na siku zote jiko hilo liko mbali na oksijeni kwa sababu oksijeni iko stoo. Siku hiyo oksijeni ndiyo iliyolifuata jiko. Mimi sikuliona, nilikuwa nyuma ya leso.

"Mwita," Madam akaniita, "hii ni nini? Umefungua kituo cha kupigia kura?"

"Ni heshima, Madam. Si unajua mgeni ni nani."

Akacheka, akatikisa kichwa, akaenda kupokea simu. Leso aliiona, ila hakuona imefungwa wapi.

Tukaanza na mteja mwingine aliyewahi asubuhi, tukamjazia mifuko mitatu vizuri kabisa. Okello ananipitishia, najaza, anakaza, anapeleka kwa gari la mteja, nalo likaondoka. Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe ng'ambo ya pazia, "Mwambie Baba Neema mimi nataka kuona vile mifuko inajazwa. Nimeacha watu wananingoja niwaeleze."

"Amesikia, Mama," Okello akajibu.

"Kusikia amesikia, lakini mimi sioni. Na hii leso, yawa jamani, si ndiyo niliyompa Awuor akijifungua?" Akaishika aitazame vizuri, akaivuta.

Mimi mikono yote miwili ilikuwa kwenye mfuko. Niliuona mtungi ukiinama polepole, kwa adabu kabisa, halafu ukaenda. Regyuleta ikapiga simiti ikavunjika, kichwa cha valvu kikapinda, na gesi ikatoka kwa mlio ambao sijui niufananishe na nini, masikio yalikufa papo hapo. Mtungi ukaanza kujizungusha chini, ukazoa mabeseni, ukapiga ndoo. Na makaa ya jiko, yaliyokuwa mekundu ya kawaida, yakageuka meupe yakang'aa usiweze kuyatazama, kwa sababu oksijeni haiwaki yenyewe lakini moto ukiipata unakuwa mwendawazimu. Hilo tuliambiwa siku ya kwanza ya semina kabla ya chai ya saa nne.

Sasa mnataka kujua mtu wa oksijeni alifanya nini. Alikimbia. Nilimpita mama mkwe wangu, mama wa mke wangu, bibi ya mtoto wangu, nikampita mbio pale aliposimama, nikaruka waya wa bwawa, suruali ikashikwa, nikaingia majini mzima mzima. Nilipoinua kichwa kati ya samaki wazazi waliokuwa wakinishangaa, nikamwona yeye amenyakua sufuria ya chai na kuimwaga yote kwenye jiko. Moshi na harufu ya maziwa yaliyoungua vikapanda, akapiga kelele, "Laleni chini!" na watu wakalala, hata Madam na simu yake.

Mtungi ukagonga ukuta ukatulia, ukaendelea kupiga mluzi, mluzi ukapungua, ukaisha. Hakuna aliyeumia. Nasema hivi sasa kwa haraka, lakini siku ile nilisimama bwawani nikahesabu watu mara tatu, maana ule mtungi ungeelekea upande mwingine kidogo tu ungemkuta yeye.

"Omera, ndugu yangu," Okello akasema akiwa bado amelala kifudifudi, "toka huko, unatisha samaki."

Nikatoka. Gambuti moja ilibaki kwenye tope, na iko huko mpaka leo. Madam hakugomba, na afadhali angegomba. Aliinua tu kidole akanionyesha maandishi yangu ukutani, kupitia mlango wa stoo uliokuwa wazi, akasema, "Soma." Nikasoma, kwa sauti, mbele ya wakwe zangu, maji yakinitiririka, mpaka kwenye wakati wote.

"Kuna wa akiba?" akauliza.

"Upo, Madam! Umejaa!" Hapo nilipata nguvu kidogo. Nikaingia stoo, nikafungua mtungi wa pili, ukatoa pumzi moja kama mtu anayekata roho, kimya. Mtupu. Kona ya mitungi mitupu nilikuwa nimeijaza magunia ya chakula cha samaki, kwa hiyo wiki ile mtupu niliuweka tu mahali pa uliojaa, bila kuandika chochote, nikijiambia nitakumbuka.

Madam akawaeleza wageni kwa upole kwamba oksijeni nyingine italetwa kutoka Kisumu Jumatatu, warudi siku hiyo. Akina mama wawili wakatazama chini. Mama mkwe alikuwa bado ameshika sufuria tupu, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Madam, hawa wawili ndio waliobaki na imani nami. Wengine wako ufuoni sasa hivi na boti, wamesema nikirudi mikono mitupu leo, kikundi kimekufa. Siwezi kwenda tena nyumba kwa nyumba. Sina hayo maneno tena."

Aibu yangu yote ya bwawani ilikuwa mchezo mbele ya hayo. Nikasema, bila kujua namwambia nani, "Tuwabebe kwenye mapipa, wazi, wachache wachache. Tuwapigie maji kwa mikono njia nzima. Mimi nitapiga." Wazee wa kazi yetu walifanya hivyo kabla ya mitungi: unachota na bakuli, unainua, unamwaga kutoka juu ili maji yabebe hewa, na huachi, ukiacha wanakuja juu kuhema. Madam akafikiri, akasema mtabeba elfu mbili badala ya elfu tatu, na ole wako Mwita nikisikia umepumzika.

Mapipa manne nyuma ya pikapu, watu wanne. Wale akina mama wawili, wajanja wale, wakawahi mapipa ya nyuma. Yaliyobaki ni mawili yaliyobanana pale mbele kwenye kioo cha dreva. Mimi nikapiga magoti kwenye moja, mama mkwe kwenye lingine. Magoti kwa magoti. Nilitoa mtungi stoo ili nisisimame karibu naye dakika kumi, sasa nimepewa Migori mpaka Rusinga.

Tulifika Rongo hakuna aliyesema neno. Chota, mwaga, chota, mwaga. Nyuma yangu wale wawili walikuwa wanacheka mpaka wanashindwa kuchota, nikajua ni mguu wangu usio na gambuti, nikaukunja. Wakazidi. Tulipokata kona kuelekea Homa Bay, mama mkwe akageuza uso kabisa, akatazama mashamba ya watu, akaniambia maneno yake ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Mwita. Suruali yako imepasuka huko nyuma. Yote."

Nikapapasa. Ule waya wa bwawa ulikuwa umenifungua kutoka mkandani mpaka karibu na goti! Kumbe tangu Migori nimewageuzia akina mama wa kanisa! Nilitaka kuingia kwenye pipa nikae na vifaranga. Yeye, uso bado uko kwa mashamba, akanyoosha mkono nyuma akanipa ile leso ya maua mekundu, alikuwa ameiokota. "Jifunge. Bakuli nipe mimi." Akachota mapipa yote mawili, mkono huu na mkono huu, mimi nikijifunga.

Baada ya hapo ungeficha nini tena? Karibu na Rodi mkono wangu wa kulia ukakataa, akauona. "Badili mkono," akasema. Halafu, huku anachota, "Nikuulize. Ile leso uliifunga pale kwa nini?"

"Ni kwa heshima, Mama. Nisisimame karibu nawe."

Bakuli likasimama hewani. "Na ulipohama nyumba Neema akizaliwa?"

"Heshima, Mama."

"Na kwenye harusi ya shangazi yake, vile ulikula nyuma ya tangi la maji?"

"Ndiyo, Mama."

Alicheka. Alicheka mpaka akajipangusa macho na mkono uliolowa, Okello akachungulia kwenye kioo aone kama kuna aliyeanguka. Halafu kicheko kikaisha na akabaki na macho yaliyojaa tu. "Mimi nilidhani hunipendi," akasema. "Miaka mitatu. Nilimwambia hata Awuor, huyu kijana wa Kuria kila nikija anatoroka, sijui nilimkosea nini. Siku zile nane nilikuwa napika ugali wa watu watatu, naweka wako chini ya sahani. Unapoa."

Ule ugali nisioula ukaniuma tumboni hapo hapo kwenye pikapu. Nikamwambia nisamehe, Mama, nisamehe ugali na nisamehe mtungi, akasema chota, samaki wanahema. Tukachota. Kutoka hapo mpaka Mbita tulizungumza kama watu waliopotezana, habari za Neema na meno yake, habari za kizimba, za baba yake Awuor alivyokuwa akiogopa maji. Tukavuka daraja la Rusinga mikono yetu imekufa, jua limebaki kiganja kimoja juu ya maji.

Akina mama wa kikundi walikuwa wamesimama ufuoni, wengine wamekunja mikono. Pikapu ikasimama, nikashuka mimi kwanza, leso ya maua kiunoni, gambuti moja, magamba kwenye nywele. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mama Chair, huyu ndiye mtu wa oksijeni?"

"Ndiye huyu," mama mkwe akajibu. "Oksijeni yote iko kwa mikono yake. Shikeni mapipa!"

Tukayachanganya maji ya mapipa na ya ziwa taratibu ili samaki wasishtuke, tukawapeleka kizimbani kwa boti, nikawamwaga mwenyewe. Waliokufa walijaa bakuli moja. Nilikuwa nimelificha nyuma ya mguu, mama mkwe akalitoa akawaonyesha wenzake wote, akasema ni hawa tu, wengine wale pale. Wakachungulia ndani ya wavu, maji yalikuwa yanachemka kwa vifaranga. Yule aliyekuwa amekunja mikono zaidi ya wote akaifungua, akapiga kigelegele, na jua likazama. Usiku ule nilikula ugali kwa mama mkwe, mezani, ukiwa moto.

Jumatatu Madam alinipa barua ya onyo, nikaisaini, nilistahili. Niliondoa magunia kwenye kona ya mitungi mitupu, nikaandika TUPU kwa rangi isiyofutika, na nimeapa mbele ya Okello kwamba mtungi hautatoka kwenye mnyororo hata aje nani, na kofia yake iko kichwani.

Miezi saba ilipopita, kikundi kilivua, kikaagiza tena, na safari hii walitaka elfu tano. Mama mkwe alikuja na kitu kizito amekifunga kwenye gazeti. Hakusimama uwanjani. Aliingia moja kwa moja kwenye ile stoo ndogo, akaja mpaka kwenye kona, akasimama pale ambapo nilikuwa nimeogopa asije akasimama, bega lake kwenye bega langu, akafungua gazeti. Mnyororo mpya, mnene, wa kufungia boti, ameununua Mbita.

"Wa kwako una kutu," akasema. "Ongeza huu. Kinachoanguka ni mtungi, Mwita. Heshima yangu haianguki ukinikaribia."

Nikaupokea, macho yamenilowa, nikajifanya ni vumbi la stoo. Yeye akaushika mtungi kwa mikono miwili usitingishike, mimi nikaufunga.